Mapigano ya Sakarya, 1921: maana yake na kilichoyaamua

Mapigano ya Sakarya yalikuwa makabiliano makubwa kati ya jeshi la Ugiriki na jeshi la serikali ya Mustafa Kemal, kiongozi wa wazalendo wa Kituruki, iliyokuwa Ankara. Yalidumu siku 22, usiku na mchana, kuanzia tarehe 23 Agosti hadi 13 Septemba 1921, kwenye vilima vilivyo mashariki mwa mto Sakarya. Hayakumaliza vita vya Ugiriki na Uturuki vya 1919 hadi 1922, lakini baada yake Wagiriki hawakusonga mbele tena.

Milki ya Osmani, dola ya Waturuki, ilishindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na mataifa yaliyoshinda yakaanza kuigawana. Tarehe 15 Mei 1919 Wagiriki walishuka katika mji wa bandari wa İzmir, wenyewe wakiuita Smyrna, ambako Wagiriki wengi walikuwa wakiishi tangu zama za kale. Mkataba wa Sèvres wa 1920 ukawapa mamlaka ya kuusimamia mji huo na eneo linalouzunguka. Wabunge wa Ankara waliukataa. Wagiriki nao wakaona kwamba mkataba huo hautatekelezwa mpaka jeshi la Ankara livunjwe, basi wakazidi kuingia bara.

Julai 1921 Wagiriki walipata ushindi mkubwa dhidi ya Waturuki huko Kütahya na Eskişehir, magharibi mwa Ankara. Hapo Mustafa Kemal alifanya uamuzi mgumu: aliamuru jeshi lirudi nyuma hadi ng'ambo ya Sakarya, akaiacha miji na reli mikononi mwa adui. Bungeni wengi walikasirika, na lilizungumzwa hata suala la kuihamishia serikali Kayseri, mji ulio mbali zaidi upande wa mashariki. Mimi naona kwamba ushindi ulianzia hapo. Kila hatua Wagiriki waliyopiga kuelekea Ankara iliwatenga zaidi na bandari yao na reli zao, wakaingia katika nchi kavu yenye maji haba na barabara mbovu, huku askari farasi wa Kituruki wakiivamia misafara yao ya chakula na risasi.

Tarehe 5 Agosti Bunge lilimfanya Mustafa Kemal amiri jeshi mkuu, likamkabidhi madaraka ya Bunge lenyewe kwa miezi mitatu. Siku chache tu baadaye zikatoka amri za kukusanya mali za wananchi. Kila kaya itoe nguo za ndani, jozi ya soksi na jozi ya viatu kwa ajili ya askari. Wafanyabiashara watoe asilimia 40 ya akiba zao za vitambaa, ngozi, unga, sabuni na vitu vingine, walipwe baadaye. Mwenye gari au mnyama wa kubeba mizigo asafirishe mizigo ya jeshi kilomita 100 kila mwezi bila malipo. Risasi zilizoshushwa İnebolu, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, zilipandishwa milimani kwa mikokoteni ya ng'ombe, na wengi walioiongoza walikuwa wanawake wa vijijini. Kumsifu Mustafa Kemal peke yake ni kuwadhulumu watu hao.

Jeshi la Ugiriki, chini ya Jenerali Papoulas, lilijaribu kuuzunguka upande wa kusini wa Waturuki. Vilima vikawa vinagombewa kimoja kimoja. Mangal Dağı kilianguka mapema, na tarehe 2 Septemba Wagiriki wakakitwaa Çal Dağı, kilima kilichohesabiwa kuwa ufunguo wa njia ya Ankara. Mizinga ilisikika mjini. Kwa desturi ya majeshi, safu ikivunjwa mahali pamoja, yote hurudi nyuma. Mustafa Kemal aliikataza desturi hiyo. Aliagiza kwamba kinacholindwa si mstari bali eneo zima, na eneo hilo ni nchi yote. Kikosi kilichosukumwa kisimame mahali pa kwanza kinapoweza kusimama na kiendelee kupigana, hata kama jirani yake amerudi nyuma. Agizo hilo lilitoza gharama kubwa: Waturuki zaidi ya 5,000 waliuawa, maofisa wakiwa wengi mno, hata mapigano yakaitwa vita vya maofisa.

Wagiriki nao walikuwa wamepoteza maelfu, na chakula na risasi vilikuwa vikiwaishia. Waturuki walipoanza kuwashambulia tarehe 10 Septemba, wakakitwaa tena kilima cha Duatepe, wavamizi walivuka mto kurudi magharibi, wakiharibu reli na madaraja na kuchoma vijiji njiani.

Matunda ya kisiasa yalionekana upesi. Oktoba hiyohiyo Ufaransa ilitia saini makubaliano na Ankara na kukubali kuondoa askari wake Kilikia, eneo la kusini mwa Uturuki. Wagiriki walikaa karibu mwaka mzima kwenye mahandaki ya Eskişehir na Afyon, hadi Waturuki waliposhambulia tarehe 26 Agosti 1922 na kuingia İzmir tarehe 9 Septemba. Januari 1923 nchi hizo mbili zilikubaliana kubadilishana watu kwa msingi wa dini: Wakristo wa Kiorthodoksi zaidi ya milioni moja, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia, wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu zaidi ya 350,000 wakapelekwa Uturuki.