Ngiri imetolewa, presha haikutolewa

Nimeisikia tena wiki hii. "Dokta, zile za presha nimezipumzisha kwanza, zisije zikagombana na za upasuaji." Msemaji ni mzee aliyeteremka na Hiace asubuhi kutoka Rombo kuja kutolewa nyuzi za ngiri. Nesi kampima: presha 190 kwa 110, mapigo 118.

"Zimepumzika tangu lini, mzee wangu?"

"Tangu siku ya kisu."

Siku kumi na mbili! Mimi ni mfamasia hapa Moshi, na kama kila aliyeniambia hivyo angeniachia mkungu mmoja wa ndizi, ningekuwa na genge soko la Mbuyuni. Kilichokatwa ni ngiri. Presha hakuna aliyeigusa.

Lakini wazo lenyewe halikuota hewani. Sisi ndio tuliomwambia asimeze losartani, moja ya dawa zake za presha, kabla ya upasuaji, kwa kuwa ikikutana na nusu kaputi presha huweza kuporomoka mpaka mtu wa usingizi akatoka jasho. Tukasema "usimeze", tukanyamaza. Hakuna aliyemwambia "utaanza tena kesho au keshokutwa, presha ikishatulia na ukiwa unakunywa maji vizuri." Pengo hilo akalijaza mwenyewe. Na tukisema ukweli, hata sisi hatujapatana: wapo wanaoisimamisha saa 24 kabla, wapo wanaoona haina haja. Mimi mwenyewe siku nyingine naegemea huku, siku nyingine kule. Kwenye kuirudia ndiko sina mashaka. Ikipita siku ya pili na daktari hana sababu ya kuizuia, naanza kuuliza maswali.

Atenololi na propranololi, nazo za presha na moyo, ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo sauti yangu hupanda. Dawa hizi huziba milango ambayo adrenalini huingilia kwenye moyo. Ukizimeza miezi na miezi, moyo nao huongeza milango. Sasa ziache ghafla, tena baada ya upasuaji, wakati maumivu yameijaza damu adrenalini: inakuta milango yote wazi, na mingine ya ziada. Moyo unakimbia, presha inapaa, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Ndiyo maana hata asubuhi ya upasuaji, ambapo umeambiwa usile kitu, hii tunakuambia uimeze kwa funda la maji. Mzee wangu alikuwa na losartani na atenololi, bahasha mbili za khaki zilizofanana. Ametuona tunaizuia moja, akazifungia zote.

Nyingine nazipitia mbio. Prednisoloni, ile steroidi, uliyoizoea kwa wiki nyingi usiiruke hata siku moja, mwili umesahau kutengeneza steroidi ya kwake. Za kifafa, endelea. ARV, endelea, ila ukiandikiwa vidonge vya kuongeza damu, dolutegraviri iliyomo kwenye ARV zako imeze navyo pamoja na chakula, au itangulie kwa saa mbili. Metformini ya kisukari ingoje mpaka ule sawasawa, na nusu kikombe cha mtori sikihesabu. Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, usijirudishie mwenyewe, muulize aliyekupasua.

Halafu kuna ugomvi wa kweli, ambao hakuna anayeuogopa. Losartani, kidonge cha kukojoza maji, na diklofenaki: tatu hizo zikikutana kwa mtu mzima asiyekunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kugoma. Kwenye orodha ya dawa za mzee kidonge cha maji nacho kilikuwemo. Kabla ya kumpeleka kwa daktari nikamwomba anitolee kila anachomeza tangu aruhusiwe. Akasita, akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge viwili.

"Na hizi, mzee?"

"Aa, hizo si dawa, dokta. Nimenunua dukani, za maumivu tu."