Bamvua ndani ya dodoso

Wiki hii nina majedwali manne mezani: kilo za mwani wa Jambiani, chumvi ya visima vya Makunduchi, vipimo vya malaria, na orodha ya maneno ya Kitumbatu, lahaja ya kisiwa cha Tumbatu. Kila jedwali ni la mwanafunzi wake, na kila mwanafunzi ana msimamizi wake. Mimi ni mtu wa takwimu. Nashauri watafiti hapa Zanzibar, na katika kisiwa chenye watu wachache wa kazi hii, wote hupita mlango mmoja.

Mgeni akipitia mada za utafiti za Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, huona kama vitu vilivyookotwa ovyo ufukweni. Chuo kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha 2001, kisha kikazidi kukua kwa kupokea taasisi zilizokuwa zinajitegemea. Ndiyo maana utalii uko Maruhubi, afya Mbweni, Kiswahili Vuga, na Pemba ina kampasi yake Mchangamdogo, wakati makao makuu yako Tunguu. Mtu anaweza kudhani watu hawa hawana la kuulizana. Mimi nayaona majedwali yao yakiwa yamepangwa pamoja, na naona yanafanana kuliko wenyewe wanavyojua.

Nianze na namba 384, kwa sababu inanisumbua karibu kila mwezi. Wanafunzi wengi huja na pendekezo lililoandikwa kwamba sampuli itakuwa watu 384. Namba hiyo ina asili yake: ndiyo inayotoka kwenye fomula pale unapotaka uhakika wa asilimia 95, kosa lisizidi asilimia 5, na watu unaowachunguza ni wengi kiasi cha kutohesabika. Sasa mwanafunzi anakwenda kwenye kijiji chenye wakulima wa mwani 120. Watu 384 atawatoa wapi? Ukiirekebisha fomula kwa ajili ya kundi dogo, unapata 92. Na ukishafika kwa watu 92 kati ya 120, huna sababu ya kuwaacha wale 28 waliobaki. Zunguka nyumba zote. Zanzibar nzima ilihesabiwa watu 1,889,773 katika sensa ya 2022, kwa hiyo makundi yetu mengi ni madogo kiasi kwamba unaweza kumfikia kila mmoja. Watafiti wa nchi kubwa hawaipati nafasi hiyo, na inaniuma kuona sisi tunaitupa kwa kunakili namba ya watu wengine.

Sasa mwani. Kilimo chake kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wa wakulima ni wanawake. Ziko aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haivumilii maji yakipata joto, na sehemu nyingi imekufa. Imebaki spinosamu, ambayo ni ngumu zaidi na bei yake iko chini.

Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kujua kazi hii inachukua muda gani wa mwanamke. Dodoso lake, ambalo mimi mwenyewe nililipitia na kulikubali, liliuliza: "Wiki iliyopita uliingia shambani siku ngapi?" Majibu yaliporudi yalikuwa ya ajabu. Karibu nusu ya wanawake walijibu sifuri, waliobaki walijibu sita au saba, na katikati hapakuwa na mtu. Niliangalia mchoro ule wenye vilima viwili nikafikiri tumepata matabaka mawili ya wakulima, wenye bidii na waliokata tamaa. Mwanafunzi alikuwa ameshaanza kuandika sura nzima juu ya kukata tamaa.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja. Mwanafunzi aliporudi kumuuliza kwa nini ameacha mwani, bibi alimtazama akamwambia: "Mwanangu, wiki ile ilikuwa maji mafu. Ningeingia wapi?"

Kwa asiyekaa pwani nieleze. Mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hizo ndizo siku za bamvua, na hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita nne. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari haisogei sana, na shamba la mwani hubaki chini ya maji mchana kutwa. Mkulima hufunga na kuvuna siku za bamvua. Maji mafu yakifika hupumzika, au hufanya kazi za nyumbani. Tulikuwa tumewauliza wanawake nusu katika wiki ya bamvua na nusu katika wiki ya maji mafu. Vilima vyetu viwili vilikuwa mwezi.

Kosa lile lilikuwa langu, maana kazi ya mtu wa takwimu ni kujua kipimo kabla hakijatumika. Aliyelirekebisha dodoso alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyekuja kwangu kwa shida yake nyingine, akalikuta mezani. Alilisoma akasema neno "wiki" ndilo halifai, kwa sababu hawa watu hawaihesabu kazi yao kwa wiki. Uliza, "Katika bamvua lililopita uliingia siku ngapi?" Tukauliza hivyo. Majibu yakakaa kilima kimoja, na yalipishana kwa mambo ya maana: umri, watoto wadogo, umbali wa shamba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta bamvua katika kila jedwali linaloletwa kwangu, na mara nyingi nalikuta. Nalikuta kwenye pweza, maana wanaotembea juu ya mwamba kumtafuta hufuata maji yaliyopwa kabisa. Ukichukua wastani wa pweza kwa mwezi mzima umechanganya siku za kazi na siku ambazo kazi haiwezekani. Mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa akihesabu mahudhurio ya shule za pwani nilimwomba aweke jedwali la maji kando ya rejesta kabla hajailaumu familia yoyote.

Visima navyo vilinishangaza. Upande wa mashariki na kusini mwa Unguja ni uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye matundu. Maji matamu chini yake ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Ukivuta kwa nguvu, chumvi inapanda. Lakini hata usipovuta, karibu na ufuko bahari inasukuma kupitia matundu yale, na maji ya kisima hupanda na kushuka pamoja nayo. Mwanafunzi aliyepima kisima kimoja saa tatu asubuhi na cha pili saa tisa alasiri anaweza kuandika kwamba cha pili kimeharibika, kumbe tofauti ni ya saa tu. Kila kisima kipimwe maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Kazi inakuwa maradufu, najua, na nauli pia.

Malaria haina bamvua, ila ina tatizo ambalo udogo wetu unalikuza. Kwa miaka mingi maambukizi Zanzibar yamekuwa chini ya mtu mmoja katika kila watu mia. Mwanafunzi wa afya anapima watu 300 katika shehia moja, hakuti hata mmoja, anaandika kwamba malaria imekwisha. Hesabu haimruhusu. Hata kama ugonjwa ungekuwa kwa mtu mmoja kati ya mia, bado ziko nafasi tano hivi katika mia kwamba watu wako 300 wote watatoka salama. Njia rahisi ya kukumbuka: ukikuta sifuri, gawa tatu kwa idadi uliyopima, na hapo ndipo kiwango halisi cha ugonjwa kinapoweza kufika. Tatu kwa 300 ni asilimia 1, yaani palepale tulipoanzia.

Nikifundisha hili huwa natumia mfano wa kutokomezwa kwa mbung'o wa Unguja, kazi iliyofanyika kabla chuo hakijaanza. Kuanzia 1994 yaliachiwa kwa ndege madume zaidi ya milioni 8 yaliyofanywa tasa kwa mionzi, yaliyozalishwa Tanga. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Kutangaza ushindi kulisubiri mpaka 1997, na mitego iliendelea kutegwa muda wote huo bila kunasa kitu. Mitego mitupu ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu bahari ilizuia nzi wapya kuingia.

Orodha ya Kitumbatu nimeiacha mwisho kwa sababu bado sijaimaliza. Mwanafunzi anataka kujua wazee wangapi wanatosha kusema kwamba neno fulani linapotea, na sina fomula nzuri ya kumpa. Nimemwomba aanze na maneno ya maji: kujaa, kupwa, pepo, miamba. Kama wapo vijana wanaotumia istilahi moja na babu zao katika haya, na nyingine katika mambo ya jikoni, hilo litatuambia kitu kuhusu wanaokwenda bado baharini.

Mwezi unaandama wiki ijayo. Siku za bamvua maji hapa hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo gari la Jambiani litaondoka saa kumi na mbili. Wa visima na wa mwani watapanda pamoja, na wa Kiswahili ameomba nafasi ya nyuma.