Je, Mungu hununa tusipomsifu?

Waumini wengi humdhania Mungu kuwa amenuna, akingoja sifa zetu ndipo uso wake ukunjuke. Maandiko hayasemi hivyo. Katika Yohana 17:24 Yesu anasema Baba alimpenda kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu. Yaani upendo ulikuwepo, na furaha yake, kabla hajaumbwa hata mtu mmoja wa kuimba! Paulo naye aliwaambia Waathene kwamba Mungu hatumikiwi kana kwamba anahitaji kitu (Matendo 17:25). Basi ile furaha ya mbinguni kwa mwenye dhambi mmoja anayetubu, katika Luka 15, haizibi pengo lolote ndani ya Mungu. Imejaa tayari, inamwagika. Na hasira? Ipo, dhidi ya uovu, ila Zaburi 30:5 huiita ya kitambo kidogo tu.