Kuhamisha jeni kwa bakteria wa mazingira magumu: mfano wa Deinococcus radiodurans

Bakteria wa mazingira magumu ni wale wanaostawi mahali ambapo viumbe wengi hufa: katika chemchemi za maji yanayokaribia kuchemka, katika maji ya magadi kama ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, au penye mionzi mikali. Uhandisi jeni wa bakteria hao ni kazi ya kuchukua jeni za kijidudu kimoja na kuziingiza katika DNA ya bakteria mstahimilivu, ili apate uwezo ambao hakuwa nao na wakati huohuo abaki na ustahimilivu wake.

Msingi wa kazi hiyo upo katika maumbile yenyewe. Bakteria hupeana jeni hata wasipokuwa wa spishi moja: hufyonza DNA iliyoachwa na seli zilizokufa, hupitishiana DNA seli zao zinapogusana, au huletewa na virusi wanaoshambulia bakteria. Njia ya kwanza ilidhihirika mwaka 1928, Frederick Griffith wa Uingereza alipoona bakteria wa nimonia wasio na madhara wakigeuka kuwa wauaji ndani ya miili ya panya, baada ya kuchanganywa na wenzao hatari waliokwisha kuuawa kwa joto. Deinococcus radiodurans, bakteria anayestahimili mionzi mikali, ni hodari sana katika kufyonza DNA kwa namna hiyo, na ndiyo sababu watafiti humfanyia kazi kwa urahisi.

Bakteria huyu aligunduliwa mwaka 1956 huko Oregon, Marekani, na Arthur W. Anderson, pale nyama ya kopo iliyopigwa mionzi ili kuua vijidudu vyote ilipoharibika hata hivyo. Dozi ya gray 5 (gray ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na mwili) inatosha kumuua binadamu. Deinococcus huhimili gray 5,000, ambazo huzikatakata kromosomu zake vipande vingi, naye huziunga upya katika muda wa saa chache.

Haja ya kumwongezea jeni ilitokana na taka zilizoachwa na utengenezaji wa silaha za nyuklia nchini Marekani, ambamo mionzi imechanganyika na zebaki, metali nyingine nzito na viyeyushi, yaani kemikali za kuyeyushia vitu, kama toluini. Bakteria wanaoweza kupunguza sumu ya zebaki wanajulikana, lakini mionzi huwaua. Deinococcus huistahimili mionzi, lakini hana namna ya kuibadili zebaki. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasipewe wale wa kwanza ustahimilivu wa huyu. Jibu lake, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha dhana nzima: ustahimilivu hautokani na jeni moja, bali na mambo mengi yanayofanya kazi pamoja, yakiwemo nakala kadhaa za jenomu (jumla ya DNA yake) katika kila seli, mifumo ya kuikarabati DNA, na madini ya manganizi yanayokinga protini zisiharibiwe na mionzi. Ujuzi wa kukabili zebaki, kinyume chake, umo katika kundi dogo la jeni liitwalo mer, linaloweza kuhamishwa lote kwa pamoja.

Mwaka 2000, watafiti Hassan Brim, Michael Daly na wenzao walitangaza kwamba wameliingiza kundi hilo, lililotoka kwa bakteria Escherichia coli, ndani ya Deinococcus. Jeni iitwayo merA hutengeneza kimeng'enya kinachoigeuza zebaki yenye chaji kuwa zebaki ya kawaida, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi na ambayo hutoka kama mvuke. Bakteria hao wapya waliendelea kukua palipokuwa na mionzi na zebaki kwa pamoja, na kadiri nakala za jeni zilivyoongezeka ndani ya seli, ndivyo walivyoihimili zebaki zaidi.

Ni lazima kusema wazi kwamba hapa metali haiteketezwi. Hubadilishwa umbo tu, na mvuke wake unahitaji kunaswa. Joto nalo lilikuwa kikwazo, kwa kuwa taka zenye mionzi mikali hujipasha zenyewe, ilhali Deinococcus radiodurans hawezi kukua joto linapozidi nyuzi 39 hivi za selsiasi. Kwa hiyo mwaka 2003 jeni hizohizo zilihamishiwa kwa ndugu yake, Deinococcus geothermalis, anayekua katika nyuzi 50.