Shira ya mepo haidondoki mtini

Shira ya mepo ni utomvu wa mti wa mepo (maple, mti wa nchi za baridi) uliochemshwa mpaka sukari ikafika asilimia 66 hivi. Basi. Kinachokera ni hii habari kwamba watu wa Quebec, Kanada, na Vermont, Marekani, "hutoboa mti wakakinga shira". Wanachokinga ni utomvu: mwangavu, mwepesi, una sukari asilimia 2 tu, ukionja haraka utasema ni maji.

Kosa linaeleweka. Utomvu tuliouzoea ni wa papai au mgomba, ule unaonata na kutia doa nguo, kwa hiyo mtu husikia utomvu akaona ulimbo. Majina nayo yanachanganya. Shira, hii ya kaimati, asili yake Kiajemi. Siropu imetoka sharab ya Kiarabu, yaani kinywaji, ikapita Kilatini, Kifaransa na Kiingereza ndipo ikatufikia ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Sharubati ni ya mzizi huohuo wa kunywa. Siropu na sharubati ni ndugu, shira si wa ukoo wao. Asali ya mepo? Siikatai, mbona twasema asali ya miwa. Ila nalo ni jina la kilichokwisha kupikwa.

Ukitaka kukinga, mti uwe na kipenyo cha sentimita 30. Tundu ni milimita 8, kina sentimita 4 hadi 5, likipanda kidogo kwa ndani ili utomvu uteremke. Hutiririka pale usiku unapoganda na mchana kupanda juu ya sifuri. Uweke baridini, maana huchacha kama tembo. Machipukizi yakianza kuvimba, acha: ladha imeharibika.

Chemshia nje, mvuke ni mwingi mno. Pima kwanza maji yanachemka nyuzi ngapi za Selsiasi hapo ulipo, siku hiyo, kisha ongeza 4. Ile 104 ya vitabuni ni ya usawa wa bahari. Ukiepua mapema itaota ukungu, ukizidisha itafanya fuwele chini ya chupa. Chuja ikiwa moto, la sivyo utatafuna mchanga wa madini yake.

Gawa 86 kwa asilimia ya sukari, utapata lita za utomvu kwa lita 1 ya shira. Kwa asilimia 2 ni 43. Kwa hiyo ndugu anayesema amekinga "lita 5 za shira" mtini azipike kwanza, halafu apime tena: atapata kama nusu kikombe.