Kwa nini injini za magari ya kwanza ziligonga

Agosti 1888 Bertha Benz aliondoka Mannheim, Ujerumani, kwa gari alilolibuni mumewe, kuelekea Pforzheim. Kituo cha mafuta hakikuwepo popote duniani. Alipofika Wiesloch aliingia duka la dawa akanunua ligroini, kimiminika chepesi ambacho watu walikitumia kutoa madoa kwenye nguo. Kabureta ya gari lile ilihitaji mafuta yanayogeuka mvuke upesi, mazito yasingewaka. Bomba la mafuta liliziba njiani, akalizibua kwa pini ya kofia yake.

Magari yalipoongezeka, mafuta mepesi hayakutosha. Petroli ikawa nzito zaidi, injini zikaanza kugonga. Plagi ikitoa cheche, moto hutakiwa kusambaa ndani ya silinda na kuisukuma pistoni. Petroli dhaifu haivumilii: ile sehemu ambayo moto haujaifikia hubanwa, hupata joto, kisha hulipuka yenyewe kwa mkupuo. Dereva husikia nyundo juu ya chuma, na hatimaye pistoni hupasuka au kutoboka.

Kwa hiyo watengenezaji walilazimika kubana mchanganyiko wa hewa na petroli kidogo tu, na nguvu zikapungua. Ford Model T ya 1908 ilikuwa na injini ya lita 2.9, lakini nguvu zake ni za farasi 20. Leo injini ya lita moja huzidi hapo mara tatu, na mafuta bora ni sababu mojawapo kubwa.

Nchini Marekani wengi waliulaumu mfumo wa kuwashia kwa betri alioubuni Charles Kettering. Yeye na mhandisi Thomas Midgley wakachunguza, wakaona tatizo ni mafuta yenyewe. Tarehe 9 Desemba 1921 walijaribu mchanganyiko wenye madini ya risasi, kugonga kukakoma. Petroli hiyo ikaanza kuuzwa 1923.

Hapa ndipo historia hii inaponiuma. Sumu ya risasi ilijulikana tangu kale, na watafiti hao hao walikwisha kuona kwamba alkoholi nayo huzuia kugonga. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu hiyo. Hata hivyo biashara iliendelea. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021.