Jumla ya mfululizo usio na mwisho kwa njia ya upanuzi wa binomia

Mfululizo usio na mwisho ni namba zinazojumlishwa moja baada ya nyingine bila kuifikia ya mwisho, na jumla yake ni ile namba moja ambayo hesabu huzidi kuikaribia kadiri tunavyoongeza vipande, hata tofauti iliyobaki iwe ndogo kuliko kiasi chochote kitakachotajwa. Kwa kuwa hakuna awezaye kujumlisha vipande vyote, jumla hiyo haipatikani kwa kujumlisha. Hupatikana kwa kulitambua umbo la mfululizo wenyewe. Mfululizo wa jometri, kama 1 + 1/2 + 1/4 + 1/8 + … = 2, hutambulika upesi kwa sababu kila kipande ni kilichotangulia kikizidishwa kwa namba ileile. Ugumu huanza pale uwiano kati ya kipande na kipande unapobadilika kila hatua, kama ilivyo hapa, ambapo nukta ya katikati inasimama badala ya alama ya kuzidisha:

1 + 1/3 + (1·3)/(3·6) + (1·3·5)/(3·6·9) + (1·3·5·7)/(3·6·9·12) + …

Uwiano wa kipande cha pili kwa cha kwanza ni 1/3, unaofuata ni 3/6, kisha 5/9, kisha 7/12. Si mfululizo wa jometri, lakini mpangilio wake ni dhahiri mno kuwa wa bahati. Mifululizo ya namna hii karibu yote imetokana na upanuzi wa binomia, yaani kufungua mabano ya (1 + x) yaliyopewa kipeo fulani, na kazi ya mwenye kutafuta jumla ni kurudi nyuma: kutoka kwenye vipande vilivyotawanyika mpaka kwenye mabano yaliyovizaa.

Kanuni ya upanuzi huo ni hii:

(1 + x)^n = 1 + nx + [n(n − 1)/2!]x² + [n(n − 1)(n − 2)/3!]x³ + …

Alama ^ hutangulia kipeo, na alama ya mshangao ni ya faktoria, kwa hiyo 3! ni 1·2·3. Kipeo n kikiwa namba nzima chanya, tuseme 3, vigawo vinavyozidishwa juu ni 3, 2, 1, halafu 0. Sifuri hiyo hufuta kila kipande kinachofuata, na upanuzi huishia kwenye 1 + 3x + 3x² + x³, namba zilezile zinazoonekana katika pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila namba yake ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Kipeo kikiwa hasi au sehemu, sifuri haitokei kamwe. Ukianza na 1/2 na kupunguza moja moja unapata −1/2, −3/2, −5/2, na hakuna pa kusimama. Hapo ndipo upanuzi unapogeuka kuwa mfululizo usio na mwisho.

Aliyeipanua kanuni hii ifae kwa vipeo vya sehemu ni Isaac Newton, katika majira ya baridi ya 1664 na 1665, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge na akisoma kazi ya mwanahisabati Mwingereza John Wallis kuhusu maeneo ya maumbo yenye mipaka ya mviringo. Alilipata jambo hilo kwa kukisia namba zinazopaswa kukaa katikati ya zile zilizokwisha kujulikana, si kwa uthibitisho. Aliwaeleza wengine mwaka 1676, katika barua mbili alizompelekea Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, ili zimfikie mwanahisabati Mjerumani Leibniz. Namna alivyojihakikishia inastahili kutajwa kwa jinsi ilivyo rahisi: alichukua mfululizo aliodai kuwa ni kipeuo cha pili cha 1 − x², yaani 1 − x²/2 − x⁴/8 − x⁶/16 − …, akauzidisha kwa wenyewe, na vipande vyote vikafutana isipokuwa 1 − x². Msomaji mwenye kalamu anaweza kulifanya jambo hilo kwa dakika chache, na binafsi naona lina nguvu ya kushawishi kuliko kurasa nyingi za vitabu vya shule.

Kwa kazi ya kutafuta jumla, kanuni ilivyoandikwa hapo juu haifai sana kwa sababu alama za hasi na sehemu zimejificha ndani ya n. Afadhali kuandika kipeo kama −p/q na kuweka −x mahali pa x. Tuchukue kipeo −1/2 tuone kinachotokea. Kipande cha pili ni (−1/2)(−x), yaani x/2. Kipande cha tatu ni (−1/2)(−3/2)x²/2!; hasi mbili zinafutana, mbili za chini zinaungana na x, na kinachobaki ni [(1·3)/2!](x/2)². Vivyo hivyo kwa vipande vyote, na kwa jumla:

(1 − x)^(−p/q) = 1 + (p/1!)(x/q) + [p(p + q)/2!](x/q)² + [p(p + q)(p + 2q)/3!](x/q)³ + …

Sasa mambo yote yako wazi. Sehemu ya juu ya kila kipande, ambayo shuleni huitwa kiasi, ni mazao ya namba zinazoanzia p na kuongezeka kwa q. Sehemu ya chini, asili, hutokana na faktoria na x/q. Ukizipata namba tatu, p, q na x, umepata jumla.

Turudi kwenye mfululizo wetu. Juu kuna 1, 3, 5, 7: zinaanzia 1 na kuongezeka kwa 2, kwa hiyo p = 1 na q = 2. Chini kuna 3, 3·6, 3·6·9. Hapa pana hila ndogo ambayo mwanafunzi asiyeizoea hukwama nayo: faktoria haionekani, ila imo. Mazao ya 3·6·9 ni (3·1)(3·2)(3·3), yaani 3³ × 3!. Kwa hiyo x/q ni 1/3, na kwa kuwa q = 2, x ni 2/3. Jumla ni (1 − 2/3)^(−1/2), yaani (1/3)^(−1/2), ambayo ni √3.

Tuhakiki kwa namba. Vipande vya mwanzo ni 1, 0.3333, 0.1667, 0.0926, 0.0540, 0.0324 na 0.0198. Jumla baada ya vipande hivyo saba ni 1.6988, na √3 ni 1.7321. Bado kuna pengo, lakini linajifunga kwa mwendo unaotabirika, kwa kuwa uwiano wa vipande unasogea kuelekea 2/3, ambayo ndiyo x yenyewe. Hilo linatupa njia ya mkato: gawa tofauti ya namba za juu kwa tofauti ya namba za chini, 2 kwa 3, na x imepatikana bila kuandika faktoria hata moja.

Alama zikipishana, chanya kisha hasi, x ni hasi na hakuna jingine linalobadilika. Mfululizo 1 − 1/4 + (1·3)/(4·8) − (1·3·5)/(4·8·12) + … una p = 1, q = 2 na x = −1/2, hivyo jumla yake ni (3/2)^(−1/2), yaani √(2/3).

Swali linalopima kweli uelewa wa mtu ni lile ambalo mfululizo umekatwa mwanzo wake. Chukua huu:

1/(3·6) + (1·3)/(3·6·9) + (1·3·5)/(3·6·9·12) + …

Unafanana na ule wa kwanza, lakini ukihesabu vigawo utaona kwamba chini kuna viwili na juu kimoja, kisha chini vitatu na juu viwili. Katika upanuzi halali idadi ya juu na ya chini hulingana. Basi juu pamepungua kigawo, nacho lazima kiwe namba inayotangulia 1 katika mfuatano unaoongezeka kwa 2, ambayo ni −1. Kwa hiyo p = −1, q = 2, x = 2/3, na upanuzi kamili ni:

(1 − 2/3)^(1/2) = 1 + (−1)/3 + (−1·1)/(3·6) + (−1·1·3)/(3·6·9) + …

Upande wa kushoto ni 1/√3. Upande wa kulia, baada ya 1 − 1/3, ni mfululizo wetu wenyewe wenye alama ya hasi. Tukiita jumla inayotafutwa J, tunapata 1/√3 = 2/3 − J, na hivyo J = 2/3 − 1/√3, takriban 0.0893. Makosa mengi katika maswali ya aina hii hutokea kwa kusahau kutoa vipande vya mwanzo ambavyo upanuzi unavyo ila swali halina.

Yote haya yana sharti moja: x iwe kati ya −1 na 1. Bila sharti hilo kanuni husema upuuzi. Mfululizo 1 + 2 + 4 + 8 + … una p = 1, q = 1 na x = 2, na mtu akiendelea bila kufikiri atapata (1 − 2)^(−1) = −1, yaani namba chanya tupu zimejumlishwa zikatoa hasi. Kwenye mipaka yenyewe hali ni ya kuangaliwa kwa makini. Ikiwa q ni chanya, x = 1 inakubalika pale p ilipo hasi, na x = −1 inakubalika pale p ilipo ndogo kuliko q. Ndiyo maana 1/2 + 1/8 + 1/16 + 5/128 + … ni 1 kamili, kwa kuwa ni (1 − 1)^(1/2) = 0, yenye p = −1, q = 2 na x = 1, iliyopangwa upya, ingawa mwendo wake ni wa kobe: vipande vinne vya kwanza vinafika 0.727 tu. Aliyeyaweka masuala haya ya mipaka katika uthibitisho mkali ni Niels Henrik Abel wa Norway, mwaka 1826.

Si kila mfululizo unaingia humu. Ule wa 1 + 1/1! + 1/2! + 1/3! + … hauna juu mfuatano unaoongezeka, na jumla yake ni namba iitwayo e, takriban 2.718. Ule wa 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + … hauna faktoria chini, na jumla yake, π²/6, ilihitaji mwanahisabati Mswisi Euler na njia nyingine kabisa.

Kanuni hii pia hutumika kinyume, pale jumla inapojulikana na kinachotakiwa ni desimali zake. Kipeuo cha pili cha 2 kinaweza kuandikwa (7/5)(1 − 1/50)^(−1/2), kwa sababu 50/49 ikizidishwa kwa 49/25 ni 2. Hapa x/q ni 1/100, na vipande vya upanuzi ni 1, 0.01, 0.00015 na 0.0000025. Jumla yao ni 1.0101525, ukizidisha kwa 1.4 unapata 1.4142135, sahihi hadi tarakimu ya saba baada ya nukta, kwa kazi isiyohitaji kikokotoo.